Kinanda cha Kitengela: mali bila daftari

Wiki ya pili ya Mfungo Mosi, wakati harusi za kwetu Mombasa zinapopandana, nilipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa afisa wa polisi kutoka upande wa Kitengela. Hakuwa mkali. Aliniuliza swali moja tu: "Mzee, kile kinanda ulichonunua kiko wapi?"

Mimi niko Ngong. Kinanda kilikuwa Kisauni, kwa mpwa wangu, na usiku ule kilikuwa kinapigwa harusini.

Naandika kisa hiki kwa sababu nyumba nyingi za Pwani zina chombo kilichotoka bara kwa njia hii hii: tangazo mtandaoni, simu mbili tatu, pesa kwa M-Pesa, kifurushi kwa basi. Si vinanda vya taarabu tu. Spika za maulidi, maikrofoni za madrasa, amplifaya ya msikiti wa mtaani, vingi vimepita soko hilo. Ni soko lenye manufaa, sitaki kulipaka matope. Lakini lina shimo, na mimi nimetumbukia ndani yake macho yakiwa wazi.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa Rajabu mpwa wangu aliona tangazo la kinanda cha Yamaha chenye vibonyezo 61, kilichotumika, muuzaji yuko Kitengela. Bei 42,000. Dukani kipya cha aina ile kingempita uwezo. Akanipigia: "Mjomba, wewe uko huko huko Kajiado, nenda ukanitazamie." Watu wa Pwani wakitazama ramani hudhani Ngong na Kitengela ni mtu na jirani yake. Kaunti ni moja, kweli, lakini aidha uzunguke kwa Kiserian na Isinya, aidha ushuke Nairobi na gari ya 111 uunganishe nyingine ya barabara ya Namanga. Nikaenda Jumamosi.

Muuzaji alikuwa kijana nadhifu, mwenye maneno mazuri. Tulikutana kwenye baraza ya duka, si nyumbani kwake. Kinanda nikakiwasha, nikabonyeza vibonyezo vyote kimoja kimoja, nikasikiliza spika zake, nikajaribu tundu la waya wa nje. Kizima kabisa. Tukashuka hadi 38,000. Nikalipa kwa simu yangu, mpwa wangu akanirudishia: 20,000 akiba yake na 18,000 mkopo wa chama cha kikundi chao. Jumapili kikapanda basi kwenda Mombasa.

Sasa nitasema jambo ambalo kwa muda nilikuwa silisemi. Mimi nina stashahada ya ugavi, na kazi yangu ni ghala. Kutwa nasoma nambari za mizigo. Nilipokigeuza kile kinanda, pale chini panapobandikwa karatasi ya kiwanda yenye nambari, hapakuwa na karatasi. Palikuwa na alama ya gundi, mraba mweupe, kama mahali palipobanduliwa juzi. Niliuona. Ghalani, mzigo wa namna ile ningeukataa hata usipakuliwe. Lakini bei ilikuwa tamu na mpwa wangu alikuwa anangoja kwenye simu, nikakigeuza tena na kunyamaza.

Kinanda kile kilikuwa cha kanisa. Kiliibwa usiku pamoja na miksa na maikrofoni mbili. Kijana alipokamatwa kwa jambo jingine, taarifa yake ya M-Pesa ikaonyesha jina langu na 38,000. Ndivyo walivyonipata.

Ili kuelewa kwa nini mambo haya yanatokea, turudi nyuma kidogo.

Zamani chombo cha muziki Mombasa kilikuwa na nasaba. Akodioni, udi, fidla, tashkota, watu walijua ni ya nani, aliipata kwa nani, na fundi gani aliifungua mara ya mwisho. Mtu akitaka kuuza, habari ilipita barazani na kwa wapigaji wenzake. Asiyejulikana akija na udi mkononi angeulizwa huo ni wa nani kabla ya kuulizwa bei. Soko lilikuwa dogo na bei haikuwa nzuri sana, lakini lilikuwa na mashahidi.

Matangazo ya mtandaoni yalileta soko kubwa na kuwaondoa mashahidi. M-Pesa ilianza Machi 2007, na ndani ya miaka michache mtu aliweza kumlipa asiyemjua aliye mji asioujua. Kisha zikaja tovuti za matangazo madogo madogo. PigiaMe ilikuwapo, OLX ikaingia kwa kishindo cha matangazo ya televisheni, na mwaka 2019 Jiji, kampuni iliyoanzia Nigeria, ikainunua biashara ya OLX katika nchi tano za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo. Pembeni yake pana Facebook na makundi ya WhatsApp, ambako hakuna hata ada ya kuweka tangazo.

Halafu ikaja korona. Machi 2020 baa zilifungwa, ibada za pamoja zikasimamishwa, harusi zikawa za watu wachache, na kuanzia tarehe 27 mwezi huo kafyu ikaingia. Haikuondolewa mpaka tarehe 20 Oktoba 2021. Hesabu mwenyewe: zaidi ya mwaka mmoja na nusu ambapo anayekula kwa muziki wa usiku hakuwa na usiku. Wapigaji wakauza vyombo ili walipe kodi ya nyumba. Waliorudi kazini baadaye walilazimika kununua tena, na wengi walinunua vya mkono wa pili.

Tena dola ikapanda. Mwanzoni mwa 2024 ilifika kama shilingi 160 kabla ya kushuka na kutulia karibu na 130. Vinanda, miksa na spika hizi hazitengenezwi hapa, na juu yake pana ushuru na VAT ya asilimia 16. Dola ilipopanda, bei ya dukani ilipanda, na chombo kilichotumika kikapata thamani mpya. Kitu kikipata thamani, mwizi naye hupata habari.

Kwa nini Kajiado? Kitengela, Ngong, Ongata Rongai na Kiserian ni miji iliyojaa haraka kwa watu wanaofanya kazi Nairobi na viwanda vya Athi River. Kodi ni nafuu kuliko jijini, watu huhamia na kuhama. Makanisa ni mengi, makubwa na ya mabati, na karibu kila moja lina kinanda, miksa na spika zinazolala humo kutoka Jumapili hadi Jumapili. Kumbi za sherehe ni nyingi pia. Kwa hiyo vyombo viko kwa wingi, wauzaji wa halali wako kwa wingi, na mwizi hupata pa kujificha katikati yao. Wanunuzi wa Pwani nao hupenda chombo cha bara, kwa sababu hakijaliwa na chumvi ya bahari. Spika iliyokaa miaka mitano Likoni huwa na kutu kwenye kila skurubu. Ya Kitengela ina vumbi tu, na vumbi linapulizwa.

Sasa tazama upande wa sheria, maana hapa ndipo wengi wetu tunapojidanganya. Tunadhani ukishalipa pesa yako halali, kitu ni chako. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema kinyume: aliyeuza kitu kisicho chake, kwa kawaida hakupi umiliki ambao yeye mwenyewe hana. Yako matukio machache ambapo mwenye mali kwa vitendo vyake amewafanya watu waamini kwamba muuzaji ana ruhusa, lakini mwizi wa usiku hayumo. Mwenye mali akijitokeza, atachukua chake, nawe utabaki kumfuata aliyekuuzia.

Hilo ni la pesa. La uhuru wako ni zito zaidi. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 322, inamwadhibu anayepokea au kushughulikia mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Adhabu yake inaweza kufika miaka 14 gerezani. Yasome tena yale maneno: akiwa na sababu ya kuamini. Bei iliyo chini mno ni sababu. Kukutania barazani mwa duka la mtu ni sababu. Mraba mweupe wa gundi ni sababu. Nilipokuwa naandika taarifa yangu kituoni nilikuwa najua vizuri kwamba kalamu yangu inapita kando ya neno hilo.

Kilichoniokoa ni karatasi chache, nazo zilipatikana kwa bahati kuliko kwa busara. Ujumbe wa M-Pesa ulikuwapo, mazungumzo yetu ya WhatsApp niliyaacha, na nilikuwa nimepiga picha ya skrini ya lile tangazo ili kumtumia mpwa wangu. Yote yalionyesha kwamba nilinunua hadharani na kulipa kwa jina langu. Kinanda kikarudishwa kwa basi lile lile. Walioibiwa walikitambua kwa mkwaruzo walioutia wenyewe kwa ndani ya kifuniko cha betri. Wao walikuwa na akili ambayo mimi mwenye stashahada sikuitumia.

Mpwa wangu alikuwa na harusi nne zilizobaki msimu ule. Alikodi kinanda kwa 2,500 kila usiku, yaani 10,000 zaidi, huku chama kikimdai 18,000. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mjomba, si ulikitazama?"

Yako maswali mawili ambayo najua wasomaji wangu watayauliza, nami niyajibu.

La kwanza: Muislamu anaandikaje ukurasa mzima kuhusu vinanda? Najua wanazuoni wamehitilafiana juu ya ala za muziki, na wako wanaoona hakuna mjadala kabisa. Sitamaliza hitilafu hiyo hapa, wala mimi si mwenye elimu ya kuimaliza. Lakini katika biashara hapana hitilafu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akatia mkono ndani ya fungu la nafaka, akakuta chini kumelowa. Alimuuliza mwenyewe kwa nini hakuweka kilicholowa juu watu wakakiona, na akamkemea juu ya kudanganya. Aibu ya bidhaa huwekwa juu. Na mnunuzi naye akiiona aibu akafumba macho kwa sababu ya faida, sidhani kama anaweza kusema kwamba amedanganywa.

La pili: kwa nini polisi na hizo tovuti wasifanye kazi yao? Ni swali la haki. Tunaye mfano karibu. Biashara ya vyuma chakavu ina Sheria ya mwaka 2015 inayodai leseni na kumbukumbu za mauzo, na mwaka 2022 serikali iliisimamisha kwa miezi kadhaa kwa sababu nguzo na nyaya za umeme zilikuwa zikibomolewa. Ikiwa mwenye mizani ya chuma anatakiwa aandike aliyemletea kipande cha bomba, basi anayeuza vinanda kumi kwa mwezi mtandaoni anaweza kutakiwa aonyeshe nambari ya kiwanda, ile mafundi wanayoiita siriali. Tovuti zingeweza kuweka sehemu ya nambari hiyo kwenye kila tangazo la chombo cha umeme, na kanisa au msikiti ulioibiwa ukaitafuta wenyewe. Si teknolojia ya ajabu. Simu zetu zina IMEI na tunajua maana yake.

Lakini nitakuwa mkweli: kulazimisha hili kwa tovuti pekee kutawahamishia wezi kwenye makundi ya WhatsApp, ambako hakuna wa kumlazimisha. Na ukiweka masharti mazito, atakayeumia wa kwanza ni yule mpigaji wa kweli anayeuza gitaa lake kwa sababu mtoto amefukuzwa shule kwa karo. Huyo hana risiti ya mwaka 2011. Kwa hivyo sitaki sheria ya kufunga soko. Nataka desturi ya kuandika, ianzie kwetu wanunuzi, maana muuzaji hufuata anachodaiwa na mwenye pesa.

Desturi yenyewe ni nyepesi. Kabla ya kusafiri, mwambie muuzaji akutumie picha ya nambari ya kiwanda. Wa kweli atakutumia kwa dakika mbili. Wa uongo atakuwa na hadithi. Mkutane mahali ambapo yeye anajulikana: nyumbani kwake, kanisani kwake, kwa fundi wake. Muulize alikipigia wapi hicho kinanda, na kwa nini anakiuza. Aliyekaa na chombo miaka mitatu anajua kibonyezo kipi hukwama. Mkimaliza, andikeni karatasi moja: tarehe, chombo, nambari, bei, majina, nambari za vitambulisho, sahihi mbili na shahidi mmoja. Picha ya kitambulisho usiisambaze ovyo, tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Nambari iliyoandikwa na kulinganishwa na kadi yenyewe inatosha.

Kwa aliye Mombasa, Malindi au Lamu, tatizo ni umbali. Anaambiwa, "Kuna mwingine anakuja jioni, tuma nusu nikushikilie." Usitume. Mwingine huyo wa jioni mara nyingi hayupo. Tafuta mtu wa kwenu aliye huku, nasi tuko wengi, akuendee. Ukituma pesa ikaenda kwa nambari isiyo sahihi, unaweza kupeleka ule ujumbe kwa 456 kuomba irudishwe, lakini aliyeipokea akishaitoa, hakuna cha kurudisha. Nawe unayeuza, usimpe mtu spika kwa sababu amekuonyesha ujumbe wa malipo, hata kama umeingia kwenye simu yako. Ujumbe hughushiwa. Tazama salio lako kwanza.

Na ukishadhulumiwa, usikae kimya kwa sababu pesa ni ndogo kwa wakili. Mahakama ya Madai Madogo ilianza kazi mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwamo ya mauzo ya bidhaa, huhitaji wakili, na sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 60. Mombasa pia ipo. Lakini utahitaji kumjua unayemshtaki, na hapo ndipo ile karatasi yenye jina na kitambulisho inapokuwa pesa.

Kwa misikiti, madrasa na vikundi vya taarabu na kasida, kuna wahenga waliosema mali bila daftari huisha bila habari. Nunueni daftari la shilingi mia. Andikeni kila amplifaya, kila maiki, na nambari yake. Kisichokuwa na nambari, kitieni alama mahali pasipoonekana. Siku kikiibwa, peleka nambari hiyo polisi iingie kwenye OB, na utume kwa mafundi wa mji wako. Vyombo vingi vya wizi hupita kwa fundi kabla ya kupita kwa mnunuzi, kwa sababu mwizi huchukua kinanda akasahau adapta.

Nimalize na deni langu. Nilikuwa na spika mbili na miksa ndogo, nikizikodisha kwa hafla za madrasa na harusi huku Ngong. Niliziweka mtandaoni kwa 35,000. Nikapiga picha nambari za kiwanda, nikapiga picha risiti, na kwenye maelezo nikaandika kwamba spika ya kushoto hukoroma ukiipandisha sauti kupita nusu. Rafiki yangu mmoja aliniambia nimeharibu tangazo. Pengine alisema kweli. Zilikaa wiki tano, watu wakiuliza bei na kutoweka. Aliyezichukua ni mpiga gitaa wa Kiserian. Alikuja na fundi wake, akaikoromesha ile ya kushoto, akakata 4,000. Tukaandikiana karatasi kwenye meza yangu ya chakula, mke wangu akawa shahidi.

Zile 31,000 nilizituma Kisauni siku ile ile. Zimebaki 7,000, nazo namlipa mpwa wangu kidogo kidogo. Juzi alinipigia. Wameandika vyombo vyote vya kikundi, kumi na kimoja kwa jumla, na vitatu havina nambari. Viwili walivinunua wenyewe Mombasa miaka mingi nyuma na wanamjua aliyewauzia. Cha tatu, miksa, kilikuja kwa basi kutoka bara.

"Huyu naye tumfanyeje, Mjomba?"

Nimemwambia atafute jina la aliyewauzia kwenye ujumbe wa zamani wa M-Pesa, ampigie amuulize. Hajampigia bado. Namuelewa. Miksa ile inafanya kazi vizuri sana.